Daraja la Faiba na Sentensi ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata wazo. Kubwa! Mke wangu akauliza kwa nini natabasamu na mswaki mdomoni. Nikamwambia asubiri, dunia nzima itajua. Akasema mara ya mwisho nilipotabasamu hivi tulipata beseni la kuogea lisilopita mlangoni.

Habari yenyewe ni hii. Vibao vya kuvukia mtaro mbele ya zahanati vimeoza. Alivipigilia Baba enzi za useremala wake, kabla mimi sijaota ndevu. Sasa muuguzi mkuu anatafuta fundi wa kuweka daraja jipya la miguu. Cheche, mchomeleaji tunayepakana naye karakana, keshapeleka mchoro wa daraja la chuma. Chuma! Kitashika kutu, kitapiga kelele, na jua likiwaka kitaunguza visigino vya wagonjwa.

Mimi natengeneza vitu vya faiba. Matangi, masinki, vifuniko vya visima. Unatandika kitambaa cha nyuzi za kioo, unapaka gundi iliyotiwa dawa ya kukazia, unatandika tena, unapaka tena. Kikikauka, kigumu kama jiwe na chepesi kama ungo. Kwa nini kisiwe daraja?

Nikamweleza Baba wakati wa chai. Akasema daraja si sinki. Kisha akaendelea na chai yake. Kwa Baba, hiyo ni hotuba ndefu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa muuguzi mkuu. Mama yule anamtazama mtu kama anampima homa. Aliniuliza kama hicho kitu changu kimepimwa. Nikajibu, tena kwa kishindo: kimepimwa! Na nani? Na maabara. Maabara gani? Ya mdogo wangu.

Si uongo. Mdogo wangu wa kike kweli anafanya kazi kwenye maabara ya kupima vifaa vya ujenzi. Ila bado hajapima. Ulimi umetangulia tu, miguu itafuata.

Nyumbani tunamwita Profesa. Alipokuwa darasa la pili alifungua redio ya Baba, akaifunga tena, ikaimba. Mimi nilifungua pasi. Habari za pasi tuziache. Tangu siku ile, wageni wakija, Baba humshika Profesa bega na kusema: huyu ana kichwa. Halafu hunigeukia mimi na kusema: na huyu ni kaka yake.

Miaka yote hii. Na huyu ni kaka yake.

Ijumaa, 7 Machi

Maabara. Baridi kama sebule ya tajiri. Nilipeleka vipande vya faiba yangu, vyote vya unene mmoja. Profesa alinisalimia kwa adabu zote, shikamoo kaka, kisha akavaa koti jeupe akawa mtu mwingine.

Kipande cha kwanza alikilaza juu ya vyuma viwili, mashine ikakikandamiza katikati kwa ghafla. Paa! Kilikatika kwa kishindo, lakini baada ya kubeba mzigo uliomfanya Profesa mwenyewe apandishe nyusi. Nilipiga makofi, peke yangu.

Kipande cha pili alikikandamiza polepole, kama mtu anayemenya yai la moto. Kikashindwa mapema zaidi. Mikono nikaitia mfukoni.

Cha tatu alikifungia kwenye kisanduku cha joto, akakipasha hadi joto la bati saa sita mchana, kisha akakikandamiza polepole. Aibu tupu! Hakikukatika hata. Kililegea kikabonyea kama kandambili iliyosahaulika juani.

Nikamuuliza inakuwaje, kitu kile kile, mkono ule ule. Akanieleza bila haraka. Nyuzi ndizo zenye nguvu, lakini gundi, ambayo ni jamii ya plastiki, ndiyo inayozishika na kuzigawia mzigo. Ukikipiga kipande kwa ghafla, gundi haina muda wa kulegea, nyuzi zote zinabeba pamoja. Ukikielemea taratibu, gundi inapata nafasi ya kujinyoosha. Ukiongeza joto, gundi inalainika, na kila uzi unabaki kubeba la kwake.

“Kaka,” akaniambia, “usimtajie mtu kipande cha kwanza bila kumtajia na cha tatu.”

Nikamwambia mimi si mtoto.

Akanishauri nilifanye daraja nene, niliwekee mbavu kwa chini, nilipake rangi nyeupe isiyonywa joto. Halafu nililaze karakanani, nilipakie mifuko ya mchanga, niliache juani tangu asubuhi hadi jioni nione linakuwaje. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Shingo yangu ni hodari sana kwa kukubali.

Jumapili, 9 Machi

Kazi imeanza. Mbavu nimeziacha. Mbavu zinataka kalibu mpya ya kuziumbia, na kalibu inataka muda, na Cheche yuko pale ukutani anachomelea kama mtu aliyekwisha kupewa kazi. Unene nimepunguza kidogo pia. Wembamba unapendeza.

Rangi nyeupe sina. Ninayo nyeusi iliyobaki kwenye matangi. Nimepaka mara mbili. Daraja linang'aa unaweza kujichana nywele ukilitazama! Mke wangu alilizunguka, akasema linafanana na jeneza la nyoka. Kisha akauliza Profesa alisema rangi gani. Nikajifanya sijasikia, nikaendelea kuosha brashi iliyokwisha kuwa safi.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi!

Nilimwita muuguzi mkuu alfajiri, kabla jua halijachomoza. Nilichagua saa hiyo makusudi. Daraja nimelilaza juu ya matofali nje ya karakana, baridi kama chura. Nikalikimbilia na dumu la maji, nikaruka katikati, nikashuka upande wa pili. Halikutikisika. Nikaruka tena. Nikainua jiwe la kusagia rangi nikalitupa juu yake. Liliruka kama mpira, likaangukia ndoo ya Cheche. Watu wawili watatu wakacheka. Cheche hakucheka. Alikuwa amesimama na miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso. Akauliza kama darajani watu watakuwa wanaruka tu, au kuna watakaosimama.

Swali la husuda. Sikulijibu.

Muuguzi mkuu akauliza maabara walisemaje. Nikamwambia: kwenye mashine kilibeba mzigo uliompandisha mtaalamu nyusi. Kila neno la kweli! Akasema anamfahamu mdogo wangu, aliwahi kuja zahanati kuwapimia tangi, si mtu wa mchezo. Kama yule amelipitisha, basi na yeye amelipitisha.

Hapo moyo ulinichoma. Nikameza mate. Ukapoa.

Alhamisi, 13 Machi

Jana tumelipachika. Leo nilikaa kivulini ng'ambo ya mtaro kulitazama, kama mtu anayemtazama mtoto wake akicheza.

Vijana walipita mbio: safi. Mama mmoja alipita na karai la nguo kichwani: safi. Kisha saa sita, jua utosini, wakaja bibi wawili kutoka pande mbili, wakakutana katikati. Wakasimama kuamkiana! Hujambo, sijambo, za nyumbani, njema, za watoto, njema, yule aliyekuwa anaumwa, kapona, na yule mwingine. Hapakuwa na mwisho. Nikaona daraja linaanza kubonyea. Kidogo tu. Kama mtu anayetaka kuketi lakini anaona haya.

Nilipiga kelele kuwa kuna nyoka. Bibi wale walikimbia, Mungu anisamehe, mmoja kila upande. Daraja likarudi juu taratibu. Karibu lote.

Mchana nikatundika kibao: VUKA UPESI, NI AFYA. Muuguzi mkuu akatoka nje akakisoma. Akauliza mjamzito wa miezi tisa atavukaje upesi. Na mwenye gongo? Nikakishusha. Nikaandika kingine: TAFADHALI SALIMIANENI NG'AMBO. Akakisoma hicho nacho, akanitazama, akaingia ndani.

Jioni Profesa alipiga simu. Mifuko ya mchanga nimeipakia? Nikamwambia mchanga unatafutwa. Akauliza daraja liko wapi. Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumamosi, 15 Machi

Siandiki kwa raha leo.

Uzinduzi ulipangwa saa moja asubuhi. Nilisisitiza mimi mwenyewe. Watu wavuke kukiwa na ubaridi, wapige makofi, waende zao. Lakini mgeni wa heshima, mganga mkuu, alichelewa. Saa mbili hayupo. Saa nne hayupo. Jua linapanda, daraja jeusi linakunywa joto mbele ya macho yangu. Nililigusa kwa kiganja, nikakiondoa upesi. Nikamwomba muuguzi mkuu tulimwagie maji. Akasema si sherehe ya kuosha gari.

Mganga mkuu alifika adhuhuri ana haraka. Akakata utepe, akavuka kwa hatua ndefu, akapanda gari lake. Mungu ni mwema! Nikafikiri nimepona. Watu wakaanza kutawanyika.

Ndipo Baba akainua mkono.

Baba hajawahi kusema mbele za watu. Hata harusini kwangu alisema ahsanteni akaketi. Leo alikuwa kavaa koti lake la zamani, fimbo mkononi. Akatembea hadi katikati ya daraja ili wa huku na wa kule wamsikie. Akasimama. Akakohoa. Akaanza tangu mbali. Akaeleza vibao vyake vya zamani, alivyovichagua, mbao ya aina gani, misumari ya aina gani. Akasema mbao ina adabu, inalia kabla ya kuvunjika. Watu wakacheka. Akasubiri wamalize. Sikujua Baba anajua kusubiri kicheko.

Nami nikaona. Naandika hapa kwa sababu sitasema kwingine kokote. Niliona daraja linashuka chini ya viatu vyake. Bila sauti. Polepole, kama mkate unaonywa chai. Ningeweza kumwita. Neno moja tu, Baba shuka, lilikuwa mdomoni. Lakini akageuka akanitazama mimi, akasema:

“Siku zote nilisema kijana wangu huyu hana mkono wa kazi. Leo, mbele yenu nyote, nataka kusema kwamba…”

Nikanyamaza. Nilitaka kusikia. Nilisubiri miaka yote, nikaona siwezi kushindwa kusubiri pumzi moja zaidi.

Ncha ya daraja ikachomoka kwenye ukingo. Hakikusikika kishindo cha kuvunjika. Lilijikunja tu, likammwaga Baba mtaroni.

Profesa alikuwepo. Ndiye aliyeruka wa kwanza kwenye tope, na viatu vyake vya kazini. Wa pili alikuwa Cheche. Mimi nilibaki nimesimama, bado nasubiri sentensi.

Bahati, zahanati ilikuwa pale pale. Watu wanasema hivyo kunifariji.

Jumapili, 16 Machi

Mfupa wa paja. Hospitali kubwa. Baba amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe la kuuvuta, mdogo sana ndani ya shuka. Sijui alianza kuwa mdogo lini.

Mke wangu hajanigombeza. Anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Afadhali angenigombeza.

Nilirudi mtaroni jioni kulichukua daraja. Jua lilikwisha kutua, limepoa, limekuwa gumu tena kama jiwe. Nililipiga teke kwa hasira. Halikutikisika, na kidole changu kimevimba. Likipoa ni shujaa! Kwa nini halikuwa hivi jana?

Cheche alikuwa pale. Ameweka bamba la chuma juu ya mtaro ili wagonjwa wapite, la muda, hakuombwa na mtu. Nilijiandaa kwa kicheko chake. Nilikuwa na jibu kabisa. Hakucheka. Aliuliza Baba ameamkaje, akanisaidia kulibeba daraja hadi karakana, akashika upande mzito.

Laiti angecheka.

Jumanne, 18 Machi

Profesa amesimamishwa kugusa mashine. Muuguzi mkuu alipiga simu maabara kuuliza ni nani aliyelipitisha daraja lile. Wakamwita ofisini. Akawaambia ukweli: alipima vipande vitatu, akaona cha kwanza kiko hivi na cha tatu kiko vile, akamwonya mwenye kazi. Wakamuuliza, uliposikia daraja limewekwa, kwa nini hukumwambia muuguzi?

Alisema tu: ni kaka yangu.

Haya hakunieleza yeye. Nimeyasikia kwa mke wangu, ambaye ameelezwa na Profesa jikoni kwetu, wakati mimi nimejificha chooni kwa sababu nilisikia sauti yake mlangoni. Mtu mzima, na ndevu zangu.

Aliondoka bila kuniaga. Aliniachia kwenye kiti mfuko wa machungwa ya Baba, nimpelekee, kwa sababu yeye leo alikuwa na kikao kingine huko huko ofisini.

Nilimpelekea. Niliyala mawili njiani. Sijui kwa nini naliandika hili, lakini nililia nikiyala.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekaa na Baba peke yetu. Alikuwa na nguvu kidogo. Aliuliza habari za karakana, nikasema nzuri. Aliuliza habari za Profesa, nikasema nzuri. Nikamenya chungwa kwa muda mrefu kuliko chungwa linavyotaka.

Mwishowe nikamuuliza. Nilijitahidi iwe kama swali la kupita njia.

“Baba, siku ile pale darajani. Ulisema unataka kusema kwamba… Ulitaka kusema nini?”

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, “Sikumbuki, mwanangu. Lilikuwa jambo zuri. Limeanguka pamoja na mimi.”

Nikamwomba ajaribu. Akasema huenda likarudi. Akaniuliza kama nililiona daraja linashuka kabla halijachomoka, maana yeye alihisi kitu kama kinamlegea chini ya nyayo akadhani ni magoti yake ya uzee.

Nikamwambia sikuona.

Akasema basi, si kosa langu. Akanipapasa mkono. Mkono ule wa useremala, mgumu, wenye kovu la randa. Nimeutamani ukinipapasa tangu utoto, na leo umenipapasa kwa jambo la uongo.

Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani. Mbali. Sikutaka kuketi na mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki nzima sikushika kalamu wala brashi. Nimewaza. Nimejikosoa kama mwanaume. Nilimwendea Profesa nikamwomba radhi mlangoni kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema amesikia. Hakunikaribisha ndani. Ni haki yake. Nikamwendea muuguzi mkuu nikamwambia mdogo wangu hana hatia, mimi ndiye niliyemtajia kipande kimoja nikamficha kingine. Alisema atawaandikia maabara. Basi. Nimetubu. Mtu akitubu lazima aendelee kuishi.

Na katika kuwaza nimegundua kosa lilikuwa wapi. Si faiba. Faiba haina kosa! Kosa lilikuwa jua, na watu wenye maneno marefu. Joto na upole, hao ndio adui zake. Sasa, ni wapi duniani hakuna jua, na hakuna mtu anayesimama kuzungumza?

Kwenye ghala la barafu!

Nimekwenda leo kwa mwenye ghala la kuhifadhi samaki. Mle ndani ni baridi inayong'ata masikio. Wapagazi hawasimami hata kidogo, wanaingia mbio, wanabwaga kreti, wanatoka mbio. Ghafla na baridi, ghafla na baridi, mchana kutwa. Anahitaji rafu mpya, maana za chuma zimeliwa na chumvi. Nilipoona vile nilikaribia kumkumbatia.

Mke wangu amesema nimuulize Profesa kwanza. Nikamwambia hapana. Mdogo wangu nimemtwisha ya kutosha mwezi huu. Sitamsumbua tena kwa vipimo. Huo ndio upendo wa kaka. Mke wangu akafumba macho, kwa kuguswa nadhani.

Rafu zitakuwa nyembamba sana. Naanza Jumatatu. Ya kwanza itawekwa juu kabisa, juu ya kichwa cha karani wa ghala anayekaa pale na meza yake.

Mwenye ghala ni mtu mwema lakini si mwangalifu wa vitu. Alinionyesha ndoo zake za plastiki pale kona ya barafu. Zote zimepasuka vipande vipande kama biskuti. Anasema ukiibwaga tu mle ndani, inapasuka. Nilimhurumia. Watu wengine hawajui kununua ndoo.